Upande wa Kulia wa Baiskeli ya Chiriku

9 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Nyumba nzima inakusalimu, hata cherehani, ambayo tangu wazazi wakumbuke kwamba shule zinafunguliwa haijapata nafasi ya kupoa. Mke wangu hajambo, anasema ile sufuria uliyomletea inapika vizuri ila mfuniko wake ulibaki kwako. Mimi nipo, vidole vimetobolewatobolewa na sindano lakini bado vimetimia. Chiriku hajambo kupita kiasi. Jino la mbele linacheza na hataki liguswe. Analisukuma kwa ulimi tangu asubuhi, na huo ndio muda pekee anaonyamaza tukasikia redio.

Tungekupigia simu, lakini tunajua simu yako inakaa kwenye droo la spana na huitoi mpaka mtu afe. Kwa hiyo naandika.

Nije kwenye jambo lenyewe. Ile fremu ndogo uliyompa Chiriku nimeanza kuijenga, na sasa ni baiskeli. Magurudumu nimeyapata kwa muuza vyuma chakavu, yana matairi ya meno kama yale ya kupandia milima. Mikono ya pedali nilimpelekea mchomeleaji akaifupisha ikalingana na miguu ya mtoto. Nyuma kuna gia saba, mbele sahani ya meno ni moja tu, kama ulivyoagiza. Rangi ni ya machungwa. Kachagua mwenyewe, na nusu yake iko kwenye kapeti letu.

Tatizo ni cheni. Barabara ikiwa tambarare inakwenda bila neno. Lakini akifika kwenye kilima cha tangi la maji, akaweka gia nyepesi, yaani ile kubwa ya nyuma, cheni inaruka kule mbele na kuanguka. Inabidi ashuke aisukume. Watoto wa darasa lake wameshampa jina, wanamwita Mchunga Baiskeli, kwa kuwa kila wakimwona yuko kando yake kaishika pembe kama anaipeleka malishoni.

Siku ya kufunga muhula, mwanzoni mwa Aprili, darasa lao zima litapanda kile kilima kwa baiskeli, na mwalimu atawapiga picha huko juu. Chiriku ameapa kwamba kwenye picha hiyo ataonekana amekaa juu ya kiti. Kaniambia, "Baba, nikiisukuma siku hiyo, mimi shule ile sirudi tena." Alisema huku anacheka, lakini hakuwa anatania.

Mimi na baiskeli tumetoka mbali, unajua, kwa hiyo usinieleze kama mtu asiyejua kitu. Niambie tu kasoro iko wapi.

Mwanao,
Fundi wa sindano


20 Januari

Mwanangu fundi wa sindano,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimekaa juu ya tairi, paka akaikalia, nikasubiri ainuke nikaendelea. Huku sote hatujambo, na "sote" ni mimi na huyo paka. Magoti yanapiga kelele lakini hayajagoma. Mwambie mkeo mfuniko ninao, nauwekea njugu za rimu, zile za kukazia spoki, na nitauosha kabla ya kuurudisha. Hiyo alama ya dole la grisi juu ya tarehe usiishangae, karakana ndivyo ilivyo.

Sasa nikuulize. Umeandika mistari minne juu ya rangi ya machungwa na kapeti, na juu ya sahani ya mbele hukuandika hata inaelekea wapi. Hivi ndivyo unavyopima watu suruali?

Wewe unajua uzi wa cherehani ukiingia sindanoni kwa mshazari unafanya nini. Unakatika. Cheni yenyewe haikatiki, inatoka. Sahani ya mbele ikikaa nje mno, mbali na fremu, mtoto akiweka gia kubwa ya nyuma, ambayo iko ndani kabisa, cheni inakwenda upande upande. Akikanyaga kwa nguvu tu, meno ya mbele yanaiachia. Hakuna uchawi hapo na wala si kosa la kilima.

Simama nyuma ya baiskeli, fumba jicho moja, uone meno ya mbele yanaelekea gia ya ngapi. Gia zikiwa saba, yaelekee ya nne, ile ya katikati. Kisha uniandikie namba. Usiniandikie "iko sawa". Kila baiskeli mbovu iliyoingia hapa, mwenyewe aliniambia iko sawa.

Halafu unasema wewe na baiskeli mmetoka mbali. Ndugu zako wote niliwafundisha mimi, kwenye uwanja wa nyuma ya karakana. Wewe kila Jumamosi ulikuwa na tumbo. Nafurahi kusikia kwamba lilipona.

Shangazi yako


2 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Kwaya ya shule imeniletea kazi ya mavazi, na kiongozi wao anataka kola ambayo haijapata kuonekana duniani. Nimemchorea, akasema hiyo ameshaiona. Mke wangu anasema njugu za rimu uzihifadhi mahali pengine. Jino la Chiriku limebaki kuning'inia, linaangalia pembeni, na bado hataki.

Nimefanya ulivyosema, lakini jicho nililobakiza lilikuwa linaona ninachotaka mimi. Kwa hiyo nimetumia uzi. Nimeupaka nta, nikaubandika kwenye uso wa ile sahani ya mbele, nikauvuta mpaka nyuma ukanyooka kama mstari wa chaki. Shangazi, haujafika gia ya nne wala ya tatu. Umefika ya pili kutoka nje. Nilimwita mke wangu aje aone maajabu, akatazama akasema, "Haya, na suruali ya jirani itaisha lini?"

Sasa niisogeze vipi ndani? Au njoo wewe, basi linakuja mpaka huku kila siku na kitanda kipo. Chiriku anakuuliza kila nikishika spana.

Kuhusu tumbo, lilikuwa tumbo la kweli.

Mwanao


10 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Huku mvua imeingia karakanani, imelowesha kila kitu isipokuwa paka. Mwambie kiongozi wa kwaya atafute mshonaji ambaye hajapata kuonekana duniani.

Huo uzi wa nta. Mimi nimetumia jicho miaka yote na sikuwahi kuwaza uzi. Nimeujaribu kwenye baiskeli tatu za wateja na umenisuta kwenye mbili. Usivimbe kichwa, lakini nimeutundika ukutani karibu na spana.

Fungua ekseli ya pedali. Kati ya kikombe chake na fremu utakuta washa, kipete chembamba cha chuma. Iko upande wa kulia. Itoe huko, iweke kushoto. Ekseli yote itasogea, na sahani ya meno itaingia ndani pamoja nayo. Pima tena kwa uzi wako.

Kisha, na hapa nisikilize, kabla mtoto hajapanda, panda wewe. Nenda nayo kwenye kilima, weka gia nyepesi, simama juu ya pedali. Kuigeuza juu chini na kuzungusha pedali kwa mkono si kujaribu baiskeli, ni kuipepea. Cheni haijulikani kama ni nzima mpaka ibebe mtu. Na usiniambie wewe ni mzito, maana huo uzito ndio ninaoutaka.

Kuja siwezi kwa sasa, kazi zimejaa. Dole la leo ni la grisi mpya, nyeusi vizuri.

Shangazi yako


19 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Habari za hapa ni mchanganyiko, nianze na nzuri. Jino limetoka. Chiriku ameliweka kwenye kiberiti na kila mteja lazima aoneshwe kabla hajapimwa.

Habari mbaya ni jinsi lilivyotoka. Nilifungua ekseli kama ulivyoelekeza, nikaikuta washa, lakini Shangazi, ilikuwa kushoto tayari. Kulia hakuna kitu. Nikajua aliyeifunga mwanzo alikuwa na akili, nikarudisha vyote vilevile nikakaza zaidi. Nikazungusha pedali kwa mkono, cheni ikatulia. Chiriku akanipiga chenga, akaitoa nje, akaenda nayo kilimani. Kwenye kona ya juu alisimama juu ya pedali, cheni ikatoka, miguu ikakanyaga hewa, na yeye akaenda chini kwa kidevu. Amechunika kidogo tu. Hakulia kwa ajili ya kidevu. Alilia aliponiona naiokota baiskeli, akasema, "Usimwambie mtu imetoka tena."

Mke wangu amekata kauli. Amesema baiskeli hii haipandi kilima na mtoto mpaka iwe imepanda na aliyeifunga, huku yeye mke wangu akiona kwa macho yake. Akaitundika kwenye msumari juu ya cherehani yangu. Kila nikiinua kichwa kuvuta uzi, gurudumu la mbele linanitazama.

Nitaijaribu, bila shaka. Ila wiki hii kuna kola za kwaya. Na kiuno nacho kimeanza kunibana. Niambie kwanza hiyo washa ina nini.

Mwanao


11 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu lako na si kawaida yako. Wewe hata matusi hucheleweshi. Kama ni kwa sababu nilikawia kupanda, sema. Kama ni ugonjwa, sema haraka zaidi. Siku ya kilima inakaribia, Chiriku anahesabu kwa vifungo, na mimi sina amani.

Mwanao


17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Nilichelewa kwa sababu ya shughuli, na usiulize shughuli gani.

Washa yako ilinikosesha usingizi. Washa ikiwa kushoto, sahani haiwezi kuelekea gia ya pili kutoka nje, chuma hakina ubishi wa namna hiyo. Nikawaza kila kitu, nikakosea mahali ambapo sitapataja. Kisha juzi nilikuwa nimelala chali, mguu juu ya mito miwili, natazama dari. Kabati lililo kulia kwangu nilivyolala likawa liko kushoto kwa anayeingia mlangoni. Nikacheka mpaka paka akahama.

Uliifungua baiskeli ikiwa miguu juu, ndiyo au siyo? Ulisimama nyuma yake, ukatazama kulia kwako. Kumbe baiskeli imegeuzwa, na kulia kwako ni kushoto kwake. Washa iko kulia kweli, upande wa cheni, na ndiyo inayoisukuma sahani nje. Ulichofanya ni kulikaza kosa vizuri.

Wewe unageuza koti ndani nje kila siku. Mkono wa kulia wa koti unauita wa kulia kwa nani? Kwa mezani ulipolilaza, au kwa mvaaji? Basi na baiskeli ina mvaaji wake. Kulia ni kulia kwa aliyekaa juu.

Na hapo ndipo nilipoacha kucheka nikaanza kuwaza jambo jingine. Mtu aliyewahi kukaa juu ya baiskeli hawezi kupotea upande wa cheni, kwa kuwa cheni humchafua suruali, mguu wa kulia, chini kwenye pindo. Ndugu zako wote walirudi nyumbani na doa hilo, na mama yenu alinifuata mpaka karakanani kunigombeza. Suruali zako wewe nazijua tangu hujajua kushona. Hazijawahi kuwa na doa.

Sisemi kitu. Nimetaja suruali tu.

Shangazi yako


22 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nilipofika kwenye koti nilijipiga paji la uso kwa kipimio, mteja akadhani ni yeye kakosea. Nimeitoa washa upande wa cheni, nimeiweka ule mwingine. Uzi umetua gia ya nne, katikati kabisa, kama mshono wa mgongoni. Nimepima tena na tena, si kwa wasiwasi bali kwa raha. Hata ikiingia ile gia kubwa, cheni inainama kidogo tu, haijikunji tena.

Kuhusu suruali, mimi ni fundi, najua kutoa madoa.

Na mimi nina langu la suruali. Barua zako zote ninazo kwenye kopo la vifungo, na kila moja ina dole la grisi. Hii ya mwisho ni safi kama imeandikwa na karani wa benki. Shangazi ninayemjua mimi huwa hata keki anaishika kwa grisi. Halafu unaniambia ulikuwa chali, mguu juu ya mito miwili, kana kwamba kila mtu hukaa hivyo siku ya kazi. Huo mguu unafanya nini juu ya mito? Na ni lini mara ya mwisho ulishika spana? Sisemi kitu. Nimetaja mito tu.

Baiskeli bado iko msumarini. Kabla ya kwenda shule Chiriku hulizungusha gurudumu kwa kidole, ananitazama, halafu anaondoka bila kusema neno. Yeye, bila kusema neno! Mke wangu naye huchagua wakati huo kuniuliza kiuno kinaendeleaje. Ninaona haya, Shangazi, na kuna jambo sitaki kuliandika.

Mwanao


26 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Haya, umenikamata.

Ulipoandika kwamba washa iko kushoto, nilikuamini. Nilichukua baiskeli ya mtoto wa mteja, nikaifunga mpaka ikafanana na yako ulivyoieleza, sahani ikatokeza nje kama sikio. Nikaipeleka kwenye ule mteremko wa nyuma, nikaanza kuupanda kutoka chini, nione nini kinatokea. Nikasimama juu ya pedali. Cheni ikatoka, na mimi nikatoka. Kifundo cha mguu kimevunjika, kimefungwa plasta, na paka ameamua ni mto wake. Karakana imefungwa na wateja wananiulizia dirishani.

Sikukwambia kwa sababu ungeacha mavazi ya watu ukaja mbio. Hiyo ni sababu ya kusemea mbele za watu. Sababu yenyewe ni majivuno. Nyinyi watoto niliwaambia kila Jumamosi kwamba anayejua baiskeli haanguki. Sasa nimeanguka mchana kweupe, nikalala pale chini kama gunia, na muuza maji aliyekuwa anapita akasimama kuniuliza kama hiyo baiskeli inauzwa. Maneno niliyomjibu hayaandikiki.

Nimelala hapa nikawaza, huenda ni yale maneno yangu yaliyokuuma tumbo. Mtoto akiambiwa anayejua haanguki, na yeye anajua ataanguka, ataenda uwanjani kufanya nini? Basi nayafuta. Watu huanguka. Huanguka, hutukana, huinuka. Nakupenda na doa na bila doa, lakini mtoto wako anakungoja.

Shusha kiti mpaka miguu yote iguse chini. Anza kwenye tambarare. Usitazame gurudumu, tazama unakokwenda. Na mwalimu unaye hapo nyumbani, juzi katoka jino.

Barua hii usiijibu mpaka uwe umepanda.

Shangazi yako


7 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na pole. Pole sana. Nilisoma habari ya mguu nikasikitika, nikafika kwa muuza maji nikacheka, nikasikitika tena kwa kucheka. Mke wangu amekutumia mafuta ya kuchua na salamu za kifundo.

Nimejibu, kwa hiyo unajua.

Niliposoma barua yako niliishusha baiskeli kutoka msumarini, nikamwita Chiriku nje, nikamwambia, "Nifundishe." Akauliza, "Kufundisha nini?" Nikaonesha baiskeli kwa kidevu. Alinitazama, mdomo wazi, pengo wazi. Nilidhani atanidharau. Akarukaruka kama aliyepewa zawadi, akaanza kusema, na hajanyamaza mpaka leo.

Tulikwenda asubuhi mapema, nyuma ya ukuta wa shule, mahali pasipo na watu. Yeye alikuwa anakimbia nyuma kashika kiti, eti ananizuia nisianguke. Kipande cha mtoto kama kile! Nilianguka kulia, nikaanguka kushoto, na safari hii nilijua ni kulia kwa nani. Kila nikianguka anasema, "Sawa Baba, sasa tukana, halafu uinuke." Nimegundua kwamba huwa anasoma barua zako. Siku ya pili akaniita Mchunga Baiskeli. Siku iliyofuata niligeuka nimwambie asiachie, nikamwona yuko mbali kabisa, kakaa juu ya jiwe, anakula andazi.

Tukaenda kilimani, na mke wangu nyuma yetu na mwavuli. Magoti yangu yalikuwa yanapita karibu na masikio. Nikaweka gia nyepesi. Kwenye ile kona ya juu nikasimama juu ya pedali kwa uzito wangu wote, ule ulioutaka. Cheni ililia mara moja, kisha ikakaza, na unajua jinsi unavyoisikia mguuni kwamba imeshika. Sikuwa nikijua kwamba inasikika mguuni. Nikafika kwenye tangi. Nikalia, Shangazi, si kidogo, na nikasema ni vumbi.

Kushuka niliisukuma. Kushuka sijafundishwa.

Mke wangu alicheka mpaka mwavuli ukamtoka mkononi. Akaniambia alikuwa anajua tangu tukiwa wachumba. Nilikuwa naazima baiskeli ya rafiki yangu nije kumwona, halafu naisukuma njia nzima ya kumsindikiza, eti nipate kuongea naye. "Kuisukuma kupanda kilima nilikubali," akasema. "Lakini mwanamume anayesukuma baiskeli kwenye mteremko ana jambo." Ile amri yake ya kwamba aipande aliyeifunga, kumbe ilinilenga mimi tangu mwanzo.

Sasa Chiriku. Siku ya kufunga tulisimama wazazi wote pale kwenye kona. Aliponikaribia nikaona anatazama chini, anaitazama cheni, anaingoja itoke. Nikasahau watu, nikapaza sauti, "Usitazame! Tazama unakokwenda!" Akainua kichwa. Akasimama juu ya pedali. Cheni ikalia mara moja, ikakaza. Alinipita bila hata kuniaga, na nilimsikia akienda anamsimulia mwenzake wa mbele habari za gia ya nne. Kwenye picha amekaa juu ya kiti, mguu mmoja chini. Wenzake wote wametabasamu. Yeye yuko katikati ya sentensi.

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha kitambaa. Ni pindo la suruali yangu, mguu wa kulia. Nimelikata mwenyewe na doa sijalitoa.

Mwanao


15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba.

Plasta imekatwa. Mguu umetoka mweupe na mwembamba kama wa mtu mwingine, lakini unakanyaga. Karakana nimeifungua jana na dole umeshaliona hapo juu, mawili, kwa kuwa nilikuwa na hamu. Pindo lako nimelipigilia misumari juu ya meza ya spana, pembeni ya uzi wa nta. Wateja wanauliza ni nini, nawaambia ni cheti.

Picha ya Chiriku mniwekee moja. Mwambie kusoma barua za watu ni tabia mbaya, na kwamba hii aisome mpaka mwisho.

Nilipokuwa nimelala sikulala bure. Kuna fremu ya mtu mzima hapa, ndefu, ya magoti kama yako. Nimeifunga kidogo kidogo nikiwa nimekaa, mguu juu ya mito, na sahani yake inaelekea katikati, nimepima kwa uzi. Naileta juu ya basi, pamoja na mfuniko wa mkeo. Tutaanza na kushuka.

Nakuja Jumamosi. Usiwe na tumbo.

Shangazi yako